Petroli Kwenye Dumu la Maji

Subira yangu iliisha asubuhi, siku ya nne tangu nitoke hospitali. Nilitoka chumbani, mkono wa kushoto bado una bandeji, nikamkuta binti yangu Neema, ana miaka mitatu, amekalia dumu la njano pembeni ya jiko. Nikalifungua, nikasogeza pua. Petroli. Mume wangu alikuwa hatua tano kutoka pale, anafungua cheni ya pikipiki ya mteja.

"Baba Neema, hii nini?"

"Nalihamisha sasa hivi. Usianze maneno, kuna mteja."

Basi nimeamua kusema, na nyie wenye gereji nyumbani mnisikie.

Tunaishi Kidodi. Mume wangu ni fundi pikipiki. Tulipooana alikuwa na kibanda barabarani, malori ya miwa yanapopita. Neema alipozaliwa akahamishia kazi uani, akasema ni kwa muda tu. Muda ukawa miaka. Oili chafu ikafika mpaka mlangoni, plagi mbovu zikawa vichezeo vya mtoto. Petroli anayoitoa kwenye matenki aliiweka kwenye madumu ya mafuta ya kula, yale yale ninayochotea maji. Tukakubaliana alama: dumu lililofungwa kitambaa chekundu kwenye mkono ni petroli. Usalama wa nyumba yetu ulikuwa huo, kitambaa.

Siku ya ajali nilikuwa nachemsha maharage kwenye jiko la mkaa, Neema yuko kwa bibi yake. Maji yakapungua. Nikachukua dumu lisilo na kitambaa, nikamimina. Watu wananiuliza, kwani hukusikia harufu? Nyumba nzima inanuka petroli kila siku. Pua yangu ilishazoea.

Moto ulinirukia mkononi, tumboni na mapajani. Kanga ikanigandia mwilini. Nilikimbia hovyo mpaka jirani yangu, Mama Asha, akanivuta chini, akanifunika blanketi lililoloa, moto ukazimika. Mama mkwe akaja mbio na dawa ya meno. "Mpakeni, inatoa joto."

Mama Asha akamjibu, "Shikamoo mama, lakini hapana." Akaendelea kunimwagia maji, ndoo baada ya ndoo, mpaka gari likapatikana.

Hospitalini Mikumi nesi aliikata kanga kwa mkasi. Ngozi ya mkono ilivuka kama soksi. Daktari akaniambia, "Aliyekumwagia maji amekusaidia sana. Ungepakwa dawa ya meno tungeanza kwa kuikwangua."

Mume wangu alikuja kesho yake, akapiga magoti pembeni ya kitanda, analia. "Nisamehe. Nilikifungua kitambaa nifutie plagi, nikasahau kukirudisha." Nikamsamehe. Kusahau ni kwa binadamu.

Siku za kubadilisha bandeji nilikuwa nang'ata shuka. Kidonda cha paja kikatunga usaha, homa ikapanda, nikawa naisikia harufu ya mwili wangu mwenyewe na kutapika. Homa iliposhuka, kiwiko kikagoma kunyooka. Nesi wa mazoezi hakuwa na huruma.

"Nyoosha."

"Siwezi."

"Unaweza. Mtoto habebwi kwa mkono mmoja."

Nikanyoosha huku machozi yananitoka. Kila siku kidogo.

Wiki ya tatu akaja wifi yangu na chungwa. "Pole wifi. Lakini na wewe, msomi mzima, unawasha mkaa kwa petroli?"

"Nani kakuambia hivyo?"

"Kaka. Kila mtu anajua."

Kumbe aliwaambia wote. Wateja, ndugu, mpaka kanisani, ambako waliniombea nipewe busara. Busara, mimi! Kitambaa alikisahau, sawa. Uongo hakuusahau, alikaa akaupanga wakati mimi nachunwa ngozi. Hata hivyo nikanyamaza. Nilijiambia mwanamke husitiri nyumba yake. Nikarudi nyumbani, nikawa naitikia pole za ujinga ambao sikuufanya, hadi asubuhi ile nilipomwona mwanangu juu ya dumu.

Sikubishana na mume wangu tena. Mama Asha alimbeba Neema, tukaenda ofisi ya mtendaji wa kijiji.

"Dada, haya ni ya mume na mke," mtendaji akasema. "Kaeni na wazee."

"Shikamoo, mheshimiwa. Nyumba ikiwaka, majirani wataungua na ndoa yetu?" Nikakunjua bandeji, nikamwonyesha. Akavuta karatasi, akanipa kalamu.

Namshukuru Mungu, Mama Asha na manesi wote walionigeuza kitandani. Wewe unayesoma, kama fundi yupo nyumbani kwako, petroli isikae ndani wala karibu na jiko, na isiwekwe kamwe kwenye chombo cha maji au chakula, hata kikifungwa vitambaa kumi. Ukiungua, maji safi ya baridi, kisha hospitali. Na usikubali kubebeshwa kosa la mtu kwa sababu eti ni baba wa mtoto.

Niliandika hivi, mtendaji akagonga muhuri:

"Nalalamika dhidi ya mume wangu, fundi pikipiki, kwa kuweka petroli jikoni ndani ya madumu ya maji, kwa kuirudisha pale pale baada ya mimi kuungua, na kwa kutangaza kuwa nilijichoma mwenyewe, wakati alikiri kwangu kuwa ndiye aliyeondoa alama. Naomba gereji iondolewe nyumbani na aseme ukweli mbele ya majirani. Hadi hapo, mimi na mtoto tunakaa kwa mama yangu, Vidunda."