Limau Kwenye Tangi la Samaki

Nakumbuka ile Jumamosi nilipomkamulia samaki limau akiwa bado hai. Cheka, mwanangu, cheka tu. Hata jirani yangu Mama Nduku alicheka, halafu akanigombeza mpaka masikio yakapata moto.

Wakati huo nilikuwa kijana wa mtaa wa mabanda wa Gatwekera. Kila asubuhi nilitembea kutafuta kibarua cha mjengo, na siku nyingi nilirudi mikono mitupu. Lakini chumbani nilikuwa na tangi la kioo nililounganisha mwenyewe, na ndani yake samaki wawili, dume na jike, wa ile aina inayoitwa malaika: bapa, mapezi marefu, wakigeuka unasahau njaa. Mwenye duka la samaki wa mapambo kule Riruta Satellite alikuwa ameniambia, "Ochieng', niletee watoto wa malaika waliozaliwa hapa hapa, wakiwa wazima, na mjengo utausahau. Utafanya kazi kwangu." Aki nilitoka pale nikiruka mitaro!

Shida ilikuwa maji. Kwenye ploti yetu, pale kwenye vyumba vya kupanga, tulinunua kwa mtungi maji ya kisima, yale tunayoita ya chumvi, yamejaa chokaa. Jike alitaga mara mbili, na mara zote mbili mayai yakageuka meupe, yakaoza. Mwenye duka akanipa vikaratasi vya kupimia asidi, akaniambia pH yangu iko juu mno, yaani asidi ni kidogo, na maji yenyewe ni magumu kwa ile chokaa, na malaika wanataka maji laini. Dawa ya kushusha alikuwa nayo, lakini bei yake ilikuwa ya watu wenye magari.

Basi mimi na ujuaji wangu nikaenda kununua limau. Nikakamua, nikapima: karatasi imebadilika rangi! Nikajipigia makofi. Asubuhi nikapima tena, pH imerudi pale pale. Nikaongeza limau, ikashuka, ikapanda tena. Siku ya tatu, ndiyo hiyo Jumamosi, nikamimina limau nne kwa mpigo. Dume akalala ubavu, anahema juu juu. Mwanangu, nililia kwa sauti. Dume nilikuwa na mmoja tu.

Jirani yangu Mama Nduku, mwenyeji wa Kitui aliyekuwa akifulia watu nguo, akaja mbio akidhani nimefiwa.

"Limau?" Akashika kiuno, akacheka. "Kwani unamtayarishia sufuria? Na wewe mtu wa ziwa!"

Akaniamuru nipunguze maji ya tangi na kurudisha yale ya kisima aliyoyazoea samaki, polepole, kikombe kwa kikombe. Tukakaa tukimtazama. Kufikia saa kumi dume akasimama wima, akatikisa mkia. Nilimkumbatia yule mama mpaka akanisukuma.

Kisha akaleta chupa mbili. Moja akatia maji ya kisima, nyingine maji ya mvua kutoka pipa lake. Akakwangua sabuni ya kipande, kiasi kile kile kila chupa, akatikisa. Ya kisima ikatoa utando mweupe, povu hakuna. Ya mvua ikafura povu hadi shingoni!

"Chokaa inakula sabuni yangu kila siku," akasema. "Limau yako pia imeliwa hivyo hivyo. Wacha kupigana nayo, ipunguze. Changanya na maji ya mvua. Na mbona hukuniuliza? Tunagawana ukuta."

Nikachukua zile chupa kuziosha. Ningemwambia ukweli? Kwamba nilikuwa nikimcheka akipanga mabeseni chini ya mabati? Kwamba sikudhani mama wa kufua anaweza kujua kitu kuhusu tangi langu? Nilijua, na yeye alijua.

Tukafanya kazi. Mvua ikianza tuliacha kwanza ioshe vumbi na kutu ya paa, ndipo tukakinga. Nikachuja kwa kitambaa safi kisichoguswa na sabuni. Kila siku nilitoa jagi moja la maji ya tangi na kurudisha jagi moja la mvua, basi, halafu nikapima povu kwenye chupa, mbali kabisa na tangi. Kujaza tangi maji ya mvua matupu sikutaka, maana samaki anahitaji chumvi kidogo. Povu likapanda wiki kwa wiki, na karatasi ikashuka yenyewe; ilipotulia, jagi nikawa nachanganya mvua na kisima.

Jike akataga mara ya tatu. Siku ya kwanza mayai ni angavu. Ya pili, angavu! Ya tatu nikaona vimkia vinatetemeka, vingi, vingi! Nikapiga kelele ploti nzima ikatoka, na Mama Nduku mbele, anaruka na kanga kiunoni kama msichana. "Wameanguliwa! Wametuzalia!" Ndiyo, alisema wametuzalia. Walipokua niliwapeleka Satellite, na kibarua cha mjengo sijarudia hadi leo.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ukikosa hela ya dawa, usikimbilie njia ya mkato. Badilisha maji kidogo kidogo, na upime. Lakini kabla ya hayo, bisha mlango wa jirani, hasa yule unayemdharau. Mimi nilikaribia kumuua samaki wangu kwa kudharau kumuuliza mama wa kufua.

Mungu akujalie mvua ya kutosha, na jirani wa kukucheka mapema, kabla dume wako hajalala ubavu.