Kipande Kilichobanduka Kwenye Kioo

Mama anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali. Anatayarisha vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa ili daktari avitazame kwa darubini. Mwaka huu, baridi ilipokuwa kali, kililetwa kipande cha mdogo wake, anti yangu, anayeishi nasi huku ughaibuni na kupanga mizigo kwenye ghala mjini Shakopee. Kilitolewa kwa sindano kwenye uvimbe wa titi. Mama haruhusiwi kugusa sampuli ya ndugu wala kufungua majibu yake, basi akamwachia mwenzake.

Badala ya majibu ikaja simu: rangi imekataa, na nyama iliyobaki haitoshi kurudia. Anti arudi adungwe tena.

"Rangi gani hiyo?" Anti aliuliza huku akichambua maharagwe. "Walikuwa wananipaka kucha?"

Nikaeleza mimi, kama Mama alivyonifundisha, kwa Kiswahili changu cha kubabaisha. Nyama ikikaa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi, haiozi, lakini protini zake zinajifunga, na rangi ya kuonyesha ugonjwa haizifikii. Kwa hiyo kipande chembamba hubandikwa kwenye kioo na kuchemshwa ndani ya maji ya dawa mpaka zifunguke. Halafu kinaachwa humo humo kipoe. Kikitolewa kingali moto, kinaweza kubanduka.

"Kumbe nimepikwa nikaungua!"

"Hukuungua, Anti. Ulibanduka."

Alicheka mpaka akashika sinki. Mama hakucheka.

"Dakika ishirini," alisema. "Mwenzangu angengoja dakika ishirini tu."

Siku ya sindano ya pili Mama alikuwa kazini, nikaenda mimi. Tukiwa njiani kwenda kliniki ya Woodbury, Anti alinipa kazi moja.

"Wewe ndiye unayajua haya. Mwambie daktari awaambie wa maabara waache nyama ipoe."

"Sawa, Anti."

Njia nzima nilirudia sentensi hiyo moyoni, kwa Kiingereza.

Daktari alikuwa mpole. Alitumbukiza vipande vyembamba kama uzi kwenye kichupa cha fomalini, akafunga kifuniko, akanigeukia. Akauliza kama nina swali. Anti alinitazama. Sentensi nilikuwa nayo yote, tangu neno la kwanza. Nikatikisa kichwa. Muuguzi akachukua kichupa, akatoka nacho.

Kwenye gari nilianza kulia. Anti aliwasha hita.

"Wacha," alisema. "Hata mimi niliogopa kumwambia. Ndiyo maana nilikutuma."

Kisha akaanza kuendesha kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka kifuani juu ya bandeji.