Maktaba Imo Humo Humo

Mtu wa kompyuta pale ofisi ya afya Kasulu hagongi vitufe. Anavigusa kama anayepapasa parachichi kuona kama limeiva. Miwani huipangusa kwa pindo la shati, na kosa likitokea kwenye skrini husema "Ehee," kwa upole, utadhani walikuwa na miadi. Leo Dokta Asnath, aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, amekaa nyuma yake roho juu. Gari la dawa linakwenda Munanila mchana huu, na programu ya kukadiria wagonjwa wa malaria inagoma kuundwa ili ianze kazi. Inadai haioni maktaba ya hesabu, ule mkusanyiko wa kanuni inaoutegemea, ilhali jamaa aliisakinisha jana na imo humo humo kwenye mashine.

"Si uinakili tu, uiweke kwenye folda ya programu?"

"Dokta," anajibu bila kugeuka, "siku ile uliposhuka stendi hujui pa kwenda, nilikupeleka hospitali. Sikukuhamishia hospitali stendi."

Asnath anacheka bila kutaka. Anakumbuka begi lake kichwani mwa huyu mtu, na alivyokataa kuondoka mlangoni mpaka yeye na matroni wamesalimiana. Sasa anamwona akiiandikia programu njia, folda baada ya folda, hadi ilipo maktaba. Mistari inateremka bila kukwama. Asnath anainuka kukimbilia gari.

"Subiri kwanza wasalimiane," anasema yule bwana, na haondoi mkono mezani mpaka namba za wagonjwa wa Munanila zimetokea.