Antena yangu ya Mji wa Kale, na ukungu aliouona Baba

Wakuu, salamu zenu nyote.

Kosa langu la mwanzo nalitaja hapa hapa juu: niliamini macho ya mtu mwingine kuliko yangu. Nilikuwa nafunga antena ya TV nyumbani, na hata nilipoona picha imetulia, nilingoja niambiwe kama imetulia kweli.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za watu wanaouliza namna ya kupata stesheni za hapa nchini kwa HD nyumbani bila kulipia kila mwezi. Mmejibiwa vizuri, king'amuzi na antena nzuri juu ya paa vinatosha.

Mimi naleta ya miaka ya tisini, Mombasa. Yalinipata mwenyewe, na sehemu nyingine hazinipendezi, lakini nitaziacha kama zilivyokuwa.

Tulikaa kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, nyumba ya ghorofa moja yenye paa la bati. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, tukabaki mimi na Baba. Yeye alikuwa dereva wa kreni bandarini Kilindini. Kazi yake ilikuwa kuinua makontena na kuyapitisha juu ya vichwa vya watu.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, natengeneza redio za majirani. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua zilizokufa mpaka nikaelewa zilizo hai.

Na ni mtu wa wasiwasi, wakuu. Nikichomea waya, narudia. Nikisharudia, naanza kufikiri ule wa kwanza ulikuwa bora.

Siku zile HD hatukuijua. Tulikuwa na stesheni ya taifa, kisha ikaja ya binafsi, na zote zilitufikia na chengachenga nyeupe. Ndoto yetu ilikuwa kuona uso wa msomaji habari bila kivuli chake cha pili pembeni.

Baba akaanza kulalamika.

"Fundi wa watu wote," akaniambia, "TV ya babako ina ukungu."

Lilinichoma lile neno. Nikaunda antena mpya kwa vipande vya bomba la aluminiamu, nikapima kila kipande kwa rula ya shule, nikaifunga kwenye mlingoti.

Kwa wasioujua Mji wa Kale: huwezi kupanda paa kimya kimya. Nyumba zimebanana, na ukiwa juu unaona nyua za watu. Wanawake wanafua, wanasukana, vichwa wazi. Lazima utangaze kwanza.

Baba ndiye aliyetoa kichwa dirishani na kupaza sauti, "Jamani, mpanda juu! Mpanda juu!" Ungesikia ndoo zinatuliwa, milango inafungwa, mtu anauliza leso yake iko wapi. Ndipo nipande.

Kisha mimi juu nazungusha mlingoti, Baba chini anatazama TV.

"Hapo?"

"Bado."

"Na hapo?"

"Ukungu, mwanangu."

Nikishuka naiona picha nzuri. Lakini Baba akishasema pana ukungu, nami nakaza macho mpaka naanza kuuona. Ndivyo nilivyo. Mtu akinionyesha kasoro, hata isipokuwepo naipata.

Nikabadilisha waya. Nikaweka busta. Nikarefusha mlingoti mpaka upepo wa kusi ukawa unautikisa. Kila mwisho wa wiki, mpanda juu, mpanda juu. Miezi ikapita hivyo.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Zuhura, mtu mzima, ndiye aliyenitunza Mama alipofariki. Alasiri moja nikiwa juu ya bati nikamsikia amefika mlangoni kwetu.

"Wee Salimu!" Hilo ndilo jina la Baba. "Wanangu wamefungiwa ndani kama wakaa eda, na nguo zangu zaoza kwenye beseni. Hiyo TV yenu yaonyesha Makka?"

Baba akacheka. "Subira, Bi Zuhura. Picha haijawa safi."

"Haijawa safi? Hebu niione hiyo iliyonifungia ua wangu."

Nikasikia kandambili zake zikiingia chumbani.

"Salimu, mbona i wazi kama maji ya mtungi? Huyo bwana namwona mpaka kifungo cha shati kilicholegea. Hana mke huyo?"

"Pana ukungu," Baba akasema.

"Ukungu wapi?"



Nikashuka. Nilipoingia chumbani, Bi Zuhura alikuwa hacheki tena. Alikuwa amesimama kando ya Baba, amenyoosha mkono wenye povu la sabuni karibu na sikio lake, anautikisa taratibu. Baba aliendelea kutazama mbele. Hakujua kama pana mkono.

Bi Zuhura akaushusha. Akajifunga leso upya, akaniambia kwa sauti ndogo, "Kaa na babako," akaenda zake.

Nikaizima TV. Picha ilikuwa safi, wakuu. Sijui ilikuwa safi tangu lini.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu kabla ya Ramadhani. Kwanza pembeni. Sasa na mbele."

"Na kreni?"

"Kreni naijua kwa mkono."

Nilitaka kukasirika. Akanitangulia kusema.

"Kila ulipopanda, nilikuwa nikiomba Mungu kosa liwe huko juu."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii. Alijua akienda kwa daktari, kazi imekwisha. Kwa hiyo akachagua kuilaumu TV, na mimi nikampa kila sababu ya kuendelea, kwa sababu kila wiki nilimletea kosa jipya la kurekebisha.

Ilikuwa vigumu kumwambia baba yangu la kufanya. Kwetu mtoto hamwelekezi mzazi.

"Naomba kitu kimoja tu," nikamwambia. "Kesho usipande kreni."

"Tutakula nini?"

"Tutakula redio za watu."

Akatabasamu kidogo. Adhana ya magharibi ikalia, ikaisha, hakuinuka. Mwisho akasema, "Yuko kijana wa Majengo hufunga minyororo pale chini ya kreni yangu. Mkewe ana mimba." Akapangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Asubuhi nitamwambia msimamizi mwenyewe. Wewe utanisindikiza mpaka getini, usiingie."

Nikamsindikiza. Sikuingia.

Hospitalini walisema ni presha ya macho. Yaliyokwenda hayarudi, yaliyobaki hulindwa kwa matone. Daktari akauliza kwa nini tulichelewa. Baba akasema, "Tulikuwa na shughuli." Hakunitazama, na wala hakunilaumu, siku ile wala baadaye.

Lakini hesabu naijua mwenyewe. Ile miezi niliyokuwa juu ya bati ndiyo miezi macho yake yalipokuwa yakienda.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo na mwanga mdogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Jioni alikaa mbele ya TV, nami nikimsimulia yanayopita. Nikisimulia sana hunikatiza: "Taratibu, wewe si mtangazaji."

Somo langu, wakuu: ukiambiwa picha ni mbaya, kabla hujabadilisha antena au king'amuzi, waite watu wawili watatu waitazame pamoja. Wote wakiiona safi isipokuwa mmoja, acha paa, mshike huyo mmoja mkono mwende hospitali siku hiyo hiyo. Na mzee akikupa kazi isiyokwisha, jiulize anakuweka mbali na nini.

Aliyepitia haya na mzazi wake, au aliye nayo sasa, aandike hapa chini. Nitasoma kila neno. Na mafundi wa HD, mkiona nimekosea pahali kwenye mambo ya antena, nirekebisheni.

Ugonjwa huu hurithiwa. Mwaka juzi wameukuta kwangu pia, bado mchanga, kwa sababu nilikuwa nikienda kupimwa kila mwaka. Natia matone asubuhi na jioni, na nimeacha kuendesha gari usiku.