Bi Dobi Aliyepumzishwa

Mtaani walimwita Bi Dobi, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni tangu wanawe wakinyonya mpaka mjukuu wa kwanza akaota meno. Blanketi akishalikamua yeye, jua lilibaki kumalizia tu.

Kisha mwanawe akanunua mashine ya kufulia. "Mama, inatosha. Kuanzia leo kazi yako ni kukaa."

Basi Bi Dobi akakaa. Hakuwahi kuifanyia kazi yoyote uvivu, na hii nayo aliifanya kwa bidii: alikaa asubuhi, akakaa mchana, jioni akabadilisha kiti. Akishika ufagio, mkwewe anampokonya kwa heshima zote. Miezi ikapita. Miguu ikaanza kumgomea akitaka kuinuka, vidole vikalegea, na mengine yakalegea kimyakimya: hamu ya chakula, usingizi, hata umbea wa jirani haukumnogea tena. Akiulizwa ana nini, hujibu, "Uzee tu."

Siku moja akaja wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Hawa wawili walitaniana tangu siku ya harusi, na hakuna aliyewahi kumhurumia mwenzake.

"Wifi, nimiminie chai."

Bi Dobi akashika kifuniko cha chupa ya chai, akazungusha. Kikagoma. Akajaribu kwa pindo la kanga, wapi! Akaiweka chupa chini, akalia kilio cha mtu aliyefiwa leo.

Wifi alimwacha alie mpaka atosheke. Ndipo akasema, "Kaka alituambia ameoa dobi. Kumbe alioa tambara."

"Tambara ni wewe!" Bi Dobi akafoka, na mkwewe jikoni akaangusha mwiko. Sauti ile ilikuwa haijasikika siku nyingi.

Kesho yake wifi akamkokota hadi zahanati. Muuguzi akampa kifaa cha kubana kwa kiganja, akatazama mshale unaopima nguvu za mkono, kisha akamwuliza habari za usingizi na huzuni.

"Sijui kilichotangulia, mikono au moyo," akasema. "Ila mara nyingi viwili hivi hufuatana, kimoja kikilegea na kingine hushuka. Tutaviangalia vyote."

Akamtaka arudi kila wiki wazungumze, na nyumbani ajizoeze kuinuka kitini bila kujishikilia, tena anyanyue vitu, kidogo kidogo.

"Vitu gani?"

"Chochote kizito unachokipenda."

Wakafika nyumbani, wifi akalowesha blanketi, wakalishika huku na huku. Bi Dobi akasokota, likamponyoka, likampiga wifi kifuani pwaa! Akaloa kidevu hadi magoti. Bi Dobi akacheka mpaka akatafuta pa kuegemea.

Haikuwa dawa ya siku moja. Kuna asubuhi aligoma kabisa kutoka kitandani, na wifi akaketi pembeni akisimulia habari za majirani, zote za uongo, hadi mgonjwa akashindwa kuvumilia, akainuka kumsahihisha.

Wifi aliporudi kwake, mwana akarithi ncha ya pili ya blanketi.

"Mama, mashine si ipo?"

"Ipo. Lakini haina maneno."

Jumamosi utamkuta uani, suruali ameikunja, anahema, mama yake akimkaripia: "Kamua, baba! Hilo ni blanketi, si mtoto mchanga!"