Mwenzangu wa Kutunza Kufuli

Kijijini kwetu Mungaa watu wengi wanaamini kwamba nafanya kazi maktaba. Niliporudi kutoka Dar es Salaam kumuuguza mama, mama mdogo aliniuliza hiyo kazi gani inayofanyika mtu amekaa barazani kwao. Nikamjibu kwamba natunza maktaba ya programu za kompyuta. Alilishika neno moja tu. Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, mwanamke mmoja wa jumuiya yetu akaniomba nimtafutie mwanawe kitabu cha hesabu cha kidato cha pili.

Maktaba yangu haina vitabu. Ni maandishi ya programu ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuyachukua bure, kuyasoma na kuyatumia ndani ya programu yake mwenyewe. Kazi yake ni kufunga ujumbe ili ukiwa njiani mtandaoni usisomwe na mwingine isipokuwa yule anayepelekewa. Anayetengeneza programu ya zahanati, au ya kutuma pesa, au ya wapenzi kuandikiana, hana haja ya kuunda kufuli lake. Anachukua letu.

Nasema letu kwa sababu tulikuwa wawili. Mimi, na mzee mmoja wa nchi ya mbali sana kaskazini ambaye sikuwahi kumwona wala kuisikia sauti yake. Yeye ndiye aliyeianzisha maktaba hiyo. Mimi nilimfahamu nikiwa bado nimeajiriwa Dar, siku niliyogundua kosa dogo katika kazi yake, nikalisahihisha, nikampelekea. Alinirudishia marekebisho yangu yakiwa yamejaa maswali. Kwa nini hapa? Umejaribu hivi? Huu mstari unafanya nini? Niliumia, nusura niache. Nikajibu swali moja baada ya jingine, na mwisho akaandika neno moja tu: asante. Baadaye nilikuja kujua kwamba neno hilo kwake lilikuwa la nadra. Tuliendelea hivyo hadi siku moja akaniomba tuitunze pamoja, kwa sharti moja: lolote atakaloandika yeye nilisome mimi kabla halijatoka, na lolote nitakaloandika mimi alisome yeye.

Mama alipopata kiharusi, kaka zangu walikuwa na familia zao, mmoja Manyoni na mwingine Mwanza. Mimi sikuwa na mume wala mtoto. Hakuna aliyenilazimisha, ila wote walinitazama mimi. Nikarudi. Nikawa nachukua vibarua vya kuandika programu kwa njia ya mtandao ili tuishi, na muda uliobaki nikaupa maktaba.

Asubuhi nilimwogesha mama, nikampikia uji wa uwele, nikamkalisha kwenye kiti chake upande wa ukuta wenye kivuli. Halafu nikafungua kompyuta. Mtandao ulipokataa nilipanda juu ya mwamba nyuma ya nyumba, nikaketi huko na kompyuta mapajani, mbuzi wa jirani wakinizunguka. Chini yangu lilikuwa shamba la alizeti. Mzee aliwahi kuniuliza, mara moja tu, ninapofanya kazi naona nini. Nikamwambia naona maua ya njano mpaka yanapokutana na mawe. Akajibu kwamba yeye anaona ukuta wa jirani yake, kisha akarudi kwenye mstari tuliokuwa tunabishania.

Huyo ndiye mtu niliyekuwa nazungumza naye zaidi kuliko wote. Wenzangu wa Dar walianza kwa kunipigia simu, wakaja kwenye meseji, wakaishia kwenye salamu za sikukuu. Kijijini nilisalimiana na kila mtu, shikamoo kwa huyu, marahaba kwa yule, lakini mtu akiniuliza habari za kazi nilijibu nzuri, na mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Kulikuwa na siku nzima ambayo sentensi ndefu kuliko zote niliyoisema ilikuwa ya kumwuliza mama kama maji ni ya moto sana.

Kisha ikaja hitilafu. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, wa nchi nyingine kabisa, alituandikia kwa njia ya siri tuliyoiweka kwa ajili ya mambo kama hayo. Alisema kufuli letu linavuja.

Nitaeleza kwa kifupi. Mtu anapoleta neno la siri, programu hulilinganisha na lile sahihi, herufi kwa herufi. Ikiacha kulinganisha pale tu inapokuta herufi ya kwanza iliyokosewa, itakuwa imejibu upesi kuliko kama ingeendelea hadi mwisho. Mwizi mwenye subira anaweza kupima huo upesi, akajua amepatia herufi ngapi, akajaribu tena mpaka akaingia. Sisi tulilijua hilo tangu zamani. Tuliandika programu yetu ipitie herufi zote hata kama ya kwanza tu imeshakosewa, ili muda uwe uleule siku zote. Lakini maandishi yetu hayaendi kwenye mashine moja kwa moja. Kuna programu nyingine inayoyatafsiri kuwa amri za mashine, na toleo jipya la hicho kitafsiri lilikuwa limezidi ujanja. Liliona tunapita herufi zote bila sababu, likatufupishia njia. Tulichokuwa tumekificha kwa makusudi, lenyewe likakifunua likidhani linatusaidia.

Nilijaribu mwenyewe pale barazani. Mwanafunzi alikuwa sahihi.

Nikamwandikia mzee papo hapo. Kwa kawaida alinijibu kabla mama hajamaliza kula chakula cha mchana. Siku ile hakujibu. Kesho yake nikaandika marekebisho, nikampelekea ayasome. Kimya. Nikajiambia yuko safarini, ingawa hakuwahi kusema amesafiri. Nikajiambia amekasirika. Nilirudia kusoma ujumbe wangu wa mwisho nikitafuta neno lililomuudhi.

Hitilafu ya namna ile haitangazwi kabla haijazibwa, la sivyo utakuwa umewaonyesha wezi mlango. Kwa hiyo sikuwa na wa kumwambia. Nilikuwa nikipishana na watu njiani, wameshika simu zao masikioni, na mimi nikijua jambo ambalo siwezi kumweleza hata mmoja wao, na ambalo hata ningelieleza wangebaki kunitazama. Wiki ilikatika. Mwanafunzi akaandika kwa adabu kuuliza tumefikia wapi. Nikamjibu kwamba tunaendelea.

Ujumbe ulikuja mchana, nikiwa juu ya mwamba. Ulitoka kwenye anwani ya mzee, nami nilifurahi hadi nilipousoma. Aliyeandika alikuwa binti yake. Alisema baba yake alianguka nyumbani akafariki, na mazishi yameshafanyika. Alikuwa anafungua kompyuta yake kuona kama kuna watu wa kuarifiwa, akakuta barua zangu zimejipanga, kila moja ikisubiri jibu. Aliniomba radhi kwa kuchelewa. Aliniuliza kama mimi ndiye wa kwenye maua ya njano, kwa sababu baba yake aliwahi kumtaja mtu huyo mezani.

Nilikaa pale juu muda mrefu. Jua lilikuwa kali, na jiwe lilikuwa linanichoma, lakini sikusogea. Niliposhuka nilimhamisha mama kivulini, nikapika ugali na mlenda, nikamlisha. Mimi sikula. Kesho yake pia sikula.

Tangu augue, maneno ya mama hutoka polepole, tena kwa Kinyaturu tu. Kiswahili chake chote kilipotea pamoja na nguvu za mkono wake wa kulia.

"Jana umeacha chakula," aliniambia. "Leo tena."

"Nimefiwa, mama."

"Na nani?"

"Mtu niliyekuwa nafanya naye kazi. Anaishi mbali. Alikuwa anaishi mbali."

"Una msiba ndani ya nyumba yangu, na unapika kama siku zote?"

"Si wa hapa, mama. Hakuna anayemjua."

"Wewe si unamjua?"

Akaniamuru nimpigie simu mama mdogo. Nilitii kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubishana. Jioni ile ile mama mdogo alifika na wanawake wa jumuiya, mmoja na kuni, mwingine na unga, wamejifunga kanga kama inavyotakiwa. Walitandika mkeka, wakanikalisha katikati, wakanipa pole mmoja mmoja kwa kunishika mkono. Nililia kwa mara ya kwanza.

Kisha yakaja maswali, yale yale ambayo kila mfiwa huulizwa.

"Marehemu alikuwa anaumwa nini?" mama mdogo aliuliza.

"Alianguka tu."

"Ameacha watoto wangapi?"

"Najua binti mmoja. Wengine sijui."

"Na mke?"

"Sijui."

"Alikuwa na umri gani?"

"Mzee. Sijui kamili."

Wanawake walitazamana. Mmoja, yule wa kitabu cha hesabu, akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa mchumba wako?"

"Hapana. Tulikuwa tunatengeneza kufuli."

"La milango?"

"La meseji. Ili mtu asisome meseji ya mwenzake."

Akatoa simu yake kwenye pindo la kanga, akaigeuzageuza. "Hata humu limo?"

"Linaweza kuwa limo. Hatujui nani analitumia. Watu huchukua tu."

"Na hawawaambii hata asante?"

"Mara chache."

Akaguna, akairudisha simu pindoni.

Mwenyekiti wa jumuiya alipotaka kuongoza sala, aliniuliza jina la marehemu. Nilikuwa nalijua jina alilotumia kazini tu, herufi chache zilizofupishwa, na nilipolitamka lilisikika kama kitu cha kuchekesha. Hakuna aliyecheka. Wakamwombea kwa kumwita rafiki wa binti yetu. Mimi nikainamisha kichwa nikiwaza kwamba namjua mtu huyu kwa namna ambayo haiwezi kujibu hata swali moja la msibani. Nilijua kwamba akikasirika sentensi zake zinafupika. Nilijua anachukia kufanya mambo kwa haraka. Nilijua kwamba hawezi kuuacha mstari wowote upite mpaka uwe na sababu ya kuwepo. Sikujua kama anasali, na kama anasali, anamwomba nani.

Walikaa hadi giza lilipoingia, wakaosha vyombo, wakaenda. Nyumba ilikuwa kimya kuliko kabla hawajaja.

Kesho yake nilifungua kompyuta. Marekebisho yangu yalikuwa palepale, yakimsubiri msomaji wa pili. Ningeweza kuyatoa mwenyewe, maana sasa funguo zote za maktaba zilikuwa mikononi mwangu. Niliweka kidole juu ya kitufe, nikakitoa. Sharti lile sikuwa nimeahidiana na mwingine yeyote, na aliyeliweka hayupo. Hata hivyo lilinishinda kulivunja. Nikamwandikia yule mwanafunzi, nikamweleza kwamba mwenzangu amefariki na kwamba mtu mwingine pekee anayeijua hitilafu hii ni yeye. Nikamwomba asome kazi yangu bila huruma.

Alisoma. Siku mbili baadaye alijibu kwamba nimeziba, isipokuwa kwenye aina moja ya simu za bei nafuu, ambako kitafsiri bado kinakatiza njia. Niliona aibu, kisha nikapata nafuu ambayo sikuwa nimeipata tangu msiba, maana kuna mtu aliyeisoma kazi yangu mstari kwa mstari. Na simu hizo za bei nafuu ndizo wanazotumia watu wa kwetu. Niliandika upya sehemu ile, akasoma tena, akasema sawa. Tukatoa toleo jipya na tangazo la tahadhari. Katika tangazo niliandika jina la mwanafunzi kwa kuwa ndiye aliyegundua. Katika orodha ya watunzaji nililihamisha lile jina la herufi chache kutoka sehemu ya wanaotunza kwenda sehemu ya waliowahi kutunza, na kwenye sehemu ya wanaotunza likabaki langu peke yake.

Programu kubwa kubwa zilichukua toleo lile bila neno. Mtu mmoja alilalamika kwamba sasa kufuli ni zito kidogo kuliko zamani. Nilimwandikia binti wa mzee kwamba kazi ya mwisho ya baba yake imekamilika, ingawa hakuigusa, na akanishukuru. Nilimwomba mwanafunzi ashike nafasi iliyo wazi. Alinijibu vizuri, kwamba anaona ni heshima kubwa kuombwa, ila ana masomo ya kumaliza na hawezi kuahidi kitu asichoweza kukitimiza. Nisingeweza kumlaumu. Wengine wawili walijitolea kwa shauku, wakatuma kazi moja moja, wakapotea.

Kwa hiyo niko peke yangu hadi sasa. Malalamiko yakija, bado naandika tumepokea, tutaangalia. Nikimaliza marekebisho nayalaza kwa siku kadhaa, kisha nayasoma kana kwamba yameandikwa na mtu mwingine, nikijiuliza maswali yale ya kuudhi. Kwa nini hapa? Huu mstari unafanya nini? Mengine nayajibu. Yaliyobaki yanangoja kwenye foleni, na foleni inarefuka.

Mchana mama huniita kutoka kwenye kiti chake.

"Watu wako wa mbali wanasemaje leo?"

"Wamekaa kimya, mama."

"Basi njoo unisogeze. Jua limenifikia miguuni."

Naweka kompyuta chini, naenda kumsogeza.