Mitutu Miwili Isiyopatana

Mlio wa pili wa bunduki umetoka, na Kaleli Muasya anakwenda kuitazama karatasi aliyoibandika kwenye shina la mgrevilea, nyuma ya kiwanda cha kahawa hapa Ruiru. Anarudi akitikisa kichwa. Tundu moja liko kulia kabisa, jingine kushoto, na katikati ungeweza kupitisha sufuria.

"Tena!" anafoka. "Hizi mitutu zimegombana tena!"

Kazi ya Kaleli ni kumbebea tajiri wake bunduki ya mitutu miwili na kuitafutia risasi. Fundi aliyeiunda aliiunganisha mitutu hiyo ipige mahali pamoja kwa risasi za aina moja tu, nazo ni ghali. Tajiri, mzungu mwenye mkono wa birika, hununua mnadani Thika makopo ya risasi za jeshi, masalia ya vile vita vya kwanza vya Wajerumani.

"Yeye ananiambia, 'Si imeingia?'" anasema Kaleli. "Sasa hata mguu unaingia kwa kiatu ya mwingine, lakini jaribu kukimbia nayo!"

Kukimbia si mzaha. Mwaka jana, 1954, kule Ngoliba, risasi zote mbili zilimpita nyati huku na huku. Kaleli, ambaye husimama nyuma ya tajiri mikono mitupu, alivunjwa mbavu tatu. Mshahara wake ni shilingi sitini kwa mwezi.

Kinachomkera zaidi ni hiki. Mwezi uliopita, baada ya kujaribu kopo baada ya kopo, alipata moja ambalo mitutu yote miwili ililikubali. Akalitia alama ya chokaa, akamsihi tajiri aliweke. Jumapili wakaja wageni, wakalimaliza kwa kulenga chupa za bia.

Kulificha asingethubutu. Katika Hali hii ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, Mwafrika akikutwa na risasi hata moja bila kibali, ni kitanzi.

"Si uache hiyo kazi, baba Musau?" mkewe, Kalondu, humwambia kila jioni.

"Na hii nyumba tutabeba kwa kichwa? Si ni ya shamba?"

Ameomba ahamishiwe kwenye kitalu cha miche ya kahawa. Tajiri amekubali, lakini baada ya kesho. Kesho wanashuka tena Ngoliba, ambako nyati ameingia katika mahindi ya watu, na risasi ni hizi hizi zilizotoboa karatasi kulia na kushoto.

Akiulizwa ana tumaini gani, Kaleli hafikirii sana.

"Tukifika tukute yule nyati ameenda zake," anasema. "Nitamwambia bwana pole. Nitasikitika kabisa, mpaka nyumbani."